Kibao cha 50: historia ya kikomo cha mwendo kwenye barabara kuu zinazokarabatiwa

Leo naweka kando seva na hifadhidata, tuzungumze kuhusu barabara. Ukinivumilia mpaka mwisho utaona kwamba hatujaenda mbali na kazi yetu ya kuandika programu.

Nimekuwa nikisoma historia ya kitu kidogo sana: kile kibao cha duara chenye mzingo mwekundu na nambari 50 katikati, ambacho Waingereza huweka kwenye barabara zao kuu wanapozikarabati. Hiyo ni maili 50 kwa saa, karibu kilomita 80. (Kwetu Kenya nambari hiyo si ngeni. Ni kilomita 80 zile zile ambazo vidhibiti mwendo vya matatu vilifungiwa sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004.)

Kwa miaka mingi kibao hicho kilisimama pale na madereva wengi wakakipita wapendavyo. Kisha mbinu ya kupima mwendo ikabadilika, watu wakaanza kukitii. Na walipoanza kukitii ndipo wenye barabara walipopata nafasi ya kuuliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo: je, hii nambari 50 ni sahihi?

Haya, tuanze.

Barabara iliyoharibika baada ya siku 46

Barabara ninazozizungumzia huitwa motowei. Ni barabara za njia mbili zilizotenganishwa, hazina mizunguko wala taa za trafiki, na watembea kwa miguu, baiskeli na mikokoteni haviruhusiwi. Ya kwanza Uingereza ilikuwa ile ya kuuzunguka mji wa Preston, kaskazini magharibi mwa nchi. Ilikuwa na urefu wa maili 8 hivi, na Waziri Mkuu Harold Macmillan aliifungua tarehe 5 Desemba 1958.

Januari 1959, siku 46 tu baada ya sherehe, ilifungwa. Mvua na baridi kali ya theluji vilikuwa vimeiharibu. Kwa hiyo kazi za ukarabati kwenye motowei zina umri karibu sawa na motowei zenyewe. Kila anayesema toleo la kwanza la programu halikosi kurudishwa mezani apate faraja hapo :-)

Kuna jambo jingine kuhusu barabara hiyo. Wakati wa ujenzi wake ndipo Waingereza walipoanza kutumia koni za barabarani, badala ya taa nyekundu za mafuta ya taa zilizokuwa zikiwekwa kuonyesha mahali pa kazi. Koni yenyewe ni ya Marekani: Charles Scanlon wa Los Angeles alipata hataza yake mwaka 1943.

Motowei ya M1, kutoka karibu na London kuelekea kaskazini, ilifunguliwa Novemba 1959. Haikuwa na taa, haikuwa na kizuizi cha chuma katikati, na haikuwa na kikomo chochote cha mwendo. Ungeweza kwenda kwa kasi yoyote ambayo gari lako liliweza. Mwezi Juni 1964 dereva Jack Sears alilijaribu gari la mashindano humo akafikia maili 185 kwa saa, yaani karibu kilomita 298, na hakuvunja sheria yoyote.

Kikomo cha 70 kilikuja kwa majaribio tarehe 22 Desemba 1965, baada ya ajali mbaya za ukungu mwezi Novemba mwaka huo. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Tom Fraser, na kikomo kiliwekwa kwa miezi minne tu. Kilirefushwa, na mwaka 1967 waziri aliyemfuata, Barbara Castle, akakifanya cha kudumu. Mpaka leo motowei za Uingereza ni 70, isipokuwa penye kibao kinachosema vingine. Hata 50 iliwahi kuwa ya nchi nzima: mafuta yalipoadimika mwishoni mwa mwaka 1973 serikali iliweka kikomo cha 50 ili kuokoa petroli, na motowei zikarudi 70 mwaka 1974.

Koni, na simu ya kulalamikia koni

Kufikia mwaka 1972 Uingereza ilikuwa na maili 1,000 za motowei. Magari na malori yaliongezeka kuliko ilivyotarajiwa, na barabara zilizojengwa kwa pupa ya miaka ya 1960 zikaanza kuchoka pamoja. Miaka ya 1980 ikawa miaka ya koni.

Njia ya kukarabati motowei bila kuifunga kabisa ni hii. Unafunga upande mmoja wote. Magari yake unayavusha katikati, yanaingia upande wa pili, na huko magari yanayokwenda na yanayorudi yanagawana lami moja. Kati yao, pale ambapo siku zote kuna kizuizi cha chuma na nafasi ya majani, sasa kuna mstari wa koni tu. Gari la mbele yako linakuja kwa maili 50, nawe unakwenda kwa maili 50, na kati yenu ni plastiki.

Ili leni zote zitoshe, zinabanwa. Leni ya kawaida ya motowei ina upana wa mita 3.65. Kwenye ukarabati hupunguzwa, na ile ya kulia mara nyingi huwa nyembamba kiasi cha kuwekewa kibao cha kukataza gari lolote linalozidi upana wa futi 6 na inchi 6. Ukingo wa kando wa kusimamia wakati wa dharura nao huliwa. Gari likizimika, halina pa kwenda.

Wananchi walichoka. Serikali ya John Major ilisikia malalamiko, na mwaka 1992 ikafungua laini ya simu ambayo dereva angeweza kupiga kuuliza kwa nini koni zimewekwa mahali ambapo haoni mtu akifanya kazi. Waingereza waliifanyia mzaha sana. Simu zilizopigwa hazikufika 20,000, na mwaka 1995 laini ikafungwa kimyakimya.

Tunacheka, lakini kero iliyokuwa nyuma ya simu hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyoua heshima ya kibao cha 50. Dereva akiona kibao Jumapili usiku na hakuna hata mfanyakazi mmoja, anajiambia kwamba kibao kinadanganya. Akikipita mara tatu bila kuadhibiwa, mara ya nne hakioni tena. Ni kama zile arifa nyekundu ambazo mfumo hutoa kila dakika tano bila sababu. Baada ya wiki moja hakuna fundi anayezisoma, hata siku moto unapowaka kweli.

Kwa nini 50, basi?

Kisheria, kila kikomo cha aina hii ni amri ya muda. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti trafiki inampa mwenye barabara uwezo wa kutoa amri hiyo kwa sababu ya kazi zinazofanyika barabarani au kandokando yake. Kwa hiyo kibao si ushauri. Ukikivunja unaweza kupata faini ya pauni 100 na alama 3 kwenye leseni, na alama 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida zinakunyang'anya leseni yenyewe.

Hesabu za fizikia zinakitetea kibao. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza kinatoa umbali wa kusimama tangu dereva anapoona hatari:

- Maili 50 kwa saa: mita 53
- Maili 60 kwa saa: mita 73
- Maili 70 kwa saa: mita 96

Nguvu inayobebwa na gari huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari lililo kwenye 70 linabeba karibu mara mbili ya nguvu ya gari lile lile likiwa kwenye 50. Na anayesimama upande wa pili wa koni hana gari la kumkinga. Ana koti la kung'aa na kofia.

Kazi ya hatari kubwa hata si ile ya kumwaga lami. Ni kuzipanga koni na kuziondoa, kazi inayofanywa mara nyingi usiku, watu wakiwa mita chache kutoka kwa magari yanayopita, kabla ukuta wowote haujawekwa. Nyuma yao huegeshwa lori lenye mto wa chuma uliotengenezwa ili ugongwe. Fikiria kazi ambayo sehemu ya vifaa vyake ni lori la kugongwa kwa niaba yako.

Kwa hiyo kulikuwa na sababu nzuri ya kupunguza mwendo. Lakini sababu ya kupunguza si sababu ya kuchagua 50 badala ya 45 au 55 au 60. Nambari ilizoeleka, ikawa desturi.

Kamera ya dereva wa mashindano

Maurice Gatsonides alikuwa Mholanzi, dereva wa mashindano, mshindi wa Monte Carlo Rally ya mwaka 1953. Alitaka kujua kasi yake kwenye kona ili aongeze mbio, akabuni kifaa cha kumpima. Kifaa hicho ndicho babu wa kamera za Gatso ambazo zimewatoa jasho madereva wa Ulaya. Mtu alitafuta kwenda kasi zaidi, akawaachia wenzake chombo cha kuwapunguza!

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 iliruhusu ushahidi wa kamera hizo, na ya kwanza iliwekwa mwaka 1992 kwenye daraja la Twickenham, magharibi mwa London. Gatso hutumia rada. Gari likipita kwa kasi iliyozidi, kamera inalipiga picha mbili kwa nyuma, nusu sekunde kati yake, na mistari iliyochorwa barabarani inaonyesha gari limesogea umbali gani.

Kwenye ukarabati, kamera ya namna hii ina udhaifu mkubwa: inapima nukta moja. Dereva anaiona, anakanyaga breki, anaipita akiwa mtu mwema, kisha anakanyaga mafuta. Kwetu tunajua mchezo huu vizuri. Polisi wakiwa na kipimo chao nyuma ya kona, madereva wanaokuja wanawashiana taa, na kwa mita 500 kila mtu ni mcha Mungu.

Tena breki hizo za ghafla ni hatari kwenye leni iliyobanwa, magari yakiwa yamefuatana. Na kamera za kwanza zilitumia filamu, iliyolazimu mtu kwenda kuibadilisha. Pia zilihitaji mistari barabarani, wakati leni za ukarabati huhamishwa huku na kule kila awamu ya kazi.

Kwa hiyo kibao cha 50 kilikuwa na ulinzi wa nukta moja kwenye maili kumi za koni. Paka akiondoka, panya hutawala.

Umbali gawanya kwa muda

Jibu lilitoka kwenye hesabu ya shule ya msingi. Usipime kasi. Pima muda.

kasi_ya_wastani = umbali / (muda_wa_kutoka - muda_wa_kuingia)

Weka kamera mwanzo wa kipande na kamera nyingine mwisho wake. Ya kwanza inasoma nambari ya usajili na kuandika saa. Ya pili inafanya vivyo hivyo. Programu inatafuta nambari inayofanana kwenye orodha zote mbili, inatoa muda mmoja kutoka kwa mwingine, na inagawanya. Umbali unajulikana, haubadiliki, na umepimwa na wapima ardhi. Hakuna rada.

Kilichochelewesha wazo hili si hesabu bali macho ya kompyuta. Kusoma nambari za magari kwa mashine kulibuniwa Uingereza mwaka 1976, kwenye kitengo cha utafiti wa kisayansi cha polisi. Vifaa vya majaribio vilikuwa tayari mwaka 1979, na mwaka 1981 mtu wa kwanza alikamatwa kwa sababu mashine ilitambua gari lililoibwa. Ila kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali na za polepole. Ilichukua miaka ishirini hivi kabla mashine kuweza kusoma magari ya leni nzima, usiku na mchana, kwa bei inayolipika. Mfumo ulioitwa SPECS ulipata kibali cha serikali mwaka 1999. Unamulika nambari kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, kwa hiyo hauna mmweko wa kumshtua dereva. Kisha kuanzia Septemba 2001 nambari zote mpya za magari ya Uingereza zililazimishwa kutumia aina moja ya herufi, jambo lililorahisisha kazi ya mashine.

Sasa angalia hesabu inavyomfunga dereva. Tuseme kipande kina maili 2. Kwa maili 50 kwa saa unapaswa kutumia sekunde 144. Ukienda maili ya kwanza kwa 70, umetumia sekunde 51 na kitu. Ili wastani wako uwe 50, maili ya pili lazima uitumie sekunde 92 na zaidi, yaani utambae chini ya maili 39 kwa saa huku kila uliyempita akikupita. Mchezo wa kukanyaga breki mbele ya kamera umekwisha. Hakuna "mbele ya kamera". Barabara yote ndiyo kamera.

Na kadiri kipande kinavyorefuka, kosa la saa linapungua nguvu. Tuseme saa za kamera mbili zinatofautiana kwa sekunde moja nzima, ambalo ni kosa kubwa ajabu. Kwenye maili 2 kosa hilo linabadilisha jibu kwa chini ya nusu maili kwa saa. Kwenye mita 200 lingelibadilisha kwa zaidi ya maili 5. Mifumo mingi ukiipanua makosa yake yanapanuka nayo. Huu ni kinyume, na ndiyo sababu unafaa ukarabati wa maili nyingi.

Kasoro ya leni

Hakuna programu isiyo na kasoro, na hii ilikuwa nayo. Kwenye mifumo ya awali, kila kamera ilitazama leni moja, na ililinganishwa na mwenzake wa leni ile ile mbele. Ukiingia kwa leni ya kushoto ukatokea kwa leni ya kulia, orodha mbili zilikuwa hazikutani. Mwaka 2006 magazeti ya Uingereza yaliiandika habari hiyo kwa furaha, na kila mtu kwenye baa akawa mtaalamu wa kuhama leni.

Ukitazama kwa jicho la programu, tatizo ni la kuunganisha jedwali mbili kwa ufunguo wenye sehemu moja ya ziada. Badala ya kulinganisha kwa nambari ya gari peke yake, walilinganisha kwa nambari na leni. Matoleo yaliyofuata yaliziunganisha kamera zote za mwanzo na zote za mwisho, leni yoyote na leni yoyote. Lakini hapa hukukuwa na ruhusa ya kurekebisha usiku na kuweka toleo jipya asubuhi. Kila kifaa kinachotoa ushahidi mahakamani lazima kipate kibali kwa namna kilivyo. Ukibadilisha, unarudi kwenye foleni. Mtu akipoteza leseni yake kwa sababu ya mistari yako ya programu, hilo ni jambo la haki.

Waliotii, na malori nyuma yao

Matokeo yalionekana. Kwenye barabara zenye kamera za kudumu za wastani, uchambuzi uliochapishwa na RAC Foundation mwaka 2016 ulikuta ajali za vifo na za majeraha makubwa zimepungua kwa zaidi ya thuluthi, baada ya kuondoa mabadiliko ambayo yangetokea tu. Hizo ni barabara za kawaida, si sehemu za ukarabati, kwa hiyo tusiihamishe asilimia hiyo moja kwa moja. Lakini tabia ni ile ile: penye kamera za wastani, wengi hutii.

Na hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Malori makubwa ya Uingereza yana kidhibiti kinachoyafunga kwenye kilomita 90 kwa saa, yaani maili 56. Pia yana takografu, chombo kinachorekodi mwendo na ambacho hupimwa upya kila baada ya muda. Dereva wa lori anajua kasi yake halisi. Kipimamwendo cha gari dogo ni kitu kingine. Kanuni za kimataifa zinakataza kisionyeshe kamwe chini ya kasi halisi, ila zinakiruhusu kuonyesha zaidi kwa hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Basi watengenezaji wanakiweka kionyeshe zaidi kidogo. Unaposoma 50, mara nyingi uko kwenye 46 au 47.

Jumlisha mambo hayo mawili. Mama ndani ya gari dogo anasoma 50 na anaogopa kamera. Yuko 47. Nyuma yake lori la tani 40 liko 50 kamili, kihalali kabisa, na linamkaribia. Leni ni nyembamba. Hawezi kuongeza kasi kwa sababu, kwa macho yake, ataandikiwa faini. Lori halitaki kupunguza. Kioo chake cha nyuma kimejaa bampa.

Hapa ndipo ninaposema kwamba sheria isiyofuatwa haijawahi kujaribiwa. Wakati madereva walikuwa wakipita kwa 60 na 65, tatizo la lori halikuonekana, maana gari dogo lilikimbia tu. Kila ripoti ya ajali ya miaka ile ilipima kile watu walichokifanya, si kile kibao kilichosema. Ilibidi kwanza nambari 50 ifuatwe ndipo ijulikane kwamba 50 nayo ina madhara yake.

Kutoka 50 hadi 60

Shirika la barabara kuu, wakati huo likiitwa Highways England, lilijaribu kikomo cha 60 kwenye baadhi ya sehemu za ukarabati. Kwenye motowei za M5 na M1 walikwenda mbali zaidi: walichukua kikundi cha madereva, wakawavisha saa za kupima mapigo ya moyo, wakaweka kamera ndani ya magari. Asilimia 60 ya madereva wa M5 na asilimia 56 wa M1 walionyesha wastani wa mapigo uliopungua walipokuwa kwenye sehemu za 60. Kwa maneno mengine, wengi walitulia zaidi wakienda haraka zaidi.

Sishangai, kwa sababu ya lori. Kwenye kikomo cha 60, lori haliwezi kuzidi 56. Gari dogo linalosoma 60 liko 56 au 57 halisi. Bampa inaondoka kwenye kioo.

Tusizidishe lakini. Mapigo ya moyo si idadi ya ajali, na kikundi kilikuwa kidogo. Mtu aliyetulia anaweza pia kuwa mtu aliyesinzia. Na umbali wa kusimama unaongezeka kwa mita 20, nguvu ya kugonga kwa asilimia 44. Kwa maili 10 za koni, dereva anaokoa dakika 2. Dakika mbili si kitu ukizilinganisha na uhai wa mtu anayepanga koni.

Septemba 2020 shirika lilitangaza kwamba 60 itaruhusiwa penye usalama. Sehemu ninayoipenda katika tangazo hilo ni masharti yake. Penye leni nyembamba, au magari ya pande mbili yanapogawana lami moja, 50 au hata 40 inabaki. Nambari moja ya desturi ikageuka kuwa swali linaloulizwa kila mahali upya: hapa, leo, kuna nini kati ya dereva na mfanyakazi? (Shirika lenyewe lilibadilisha jina mwaka 2021 na kuwa National Highways.)

Tunajifunza nini?

Mimi naona mambo matatu.

1. Kibao kinaishi kwa kuaminiwa. Ukikiacha kimesimama mahali ambapo hakuna kazi, unatumia heshima ya vibao vingine vyote. Anayelipa deni hilo ni mfanyakazi wa kibao kinachofuata, ambaye yupo kweli.

2. Kipimo hubadilisha tabia kuliko adhabu. Waingereza hawakuhitaji kuongeza faini ili 50 itiiwe, ingawa majimbo mengi ya Marekani huizidisha maradufu penye ukarabati. Walihama kutoka nukta hadi kipande. Dereva akijua atapimwa njia nzima, anaacha kucheza.

3. Ukishapata utii, una wajibu mpya. Nambari ambayo kila mtu anaipuuza inaweza kuwa mbovu bila kumdhuru mtu. Nambari ambayo kamera inamlazimisha kila mtu aifuate lazima iwe sahihi, na lazima mwenye kuiweka awe tayari kuibadilisha.

Jambo la tatu ndilo ninalolipeleka kazini. Tunapoandika programu inayolazimisha kanuni, iwe ni ya kodi, ya mkopo kwa simu au ya foleni ya hospitali, tunaondoa ile nafasi ndogo ambayo watu walikuwa wakiitumia kuikwepa kanuni mbaya. Karani angeweza kufumba jicho. Programu yetu haifumbi. Basi kabla ya kuifunga nambari ndani ya mfumo, tuulize ilitoka wapi, nani aliichagua, na ni nani aliye nyuma ya gari dogo akilikaribia.

Na barabarani, ndugu zangu, mkiona koni, punguzeni mwendo hata kama hakuna kamera. Yule mwenye koti la kung'aa hana vidhibiti mwendo vya kutufungia. Anatutegemea sisi.

Tukutane tena kwenye makala ijayo.